Kinundu cha Namba Tano

Tk. Tk-tk. Nikisikia mlio wa simu ya vitufe narudi Endabash, kwenye benchi nje ya nyumba ya bibi yangu, Jumapili baada ya ibada. Macho ya bibi yalikuwa yameingia ukungu. Aliona mwanga na vivuli tu. Lakini simu alipiga mwenyewe. Kidole gumba kilitambaa juu ya vitufe vya mpira, kikatulia katikati, kisha kikabonyeza bila kusita, na mama yangu, aliyekuwa mpishi kule Wasso, akapokea. Namba yenyewe bibi hakuweza kuitamka, ilikaa kidoleni. Nilikuwa na miaka tisa, na nilitamani sana kujua kidole kile kinaona nini.

Jumamosi moja, bibi akiwa amelala mchana, niliichunguza simu yake. Simu ile ilishinda kwenye shamba la maharage, imefungwa kwenye pindo la khanga, hivyo vumbi jekundu lilijaa kila upenyo. Nikaisafisha kwa kitambaa na mafuta ya taa. Juu ya namba tano kikabaki kidongo kigumu, kidogo kuliko punje ya ulezi. Nikakikwangua kwa wembe mpaka pakawa laini, nikajisifu.

Kesho yake akapokea mwanamume tusiyemjua. Bibi akaomba radhi, akajaribu tena, akampata mwingine. Akaiweka simu mapajani. "Namba ya mwanangu imenitoka," alisema. "Macho yalitangulia, sasa akili nayo inafuata." Tangu siku hiyo hakupiga tena. Mama alipopiga, bibi alijibu kwa kifupi kama mtu anayeficha jambo. Jioni nilimsikia akinong'ona majina ya ng'ombe wake wa zamani, mmoja mmoja, kuhakikisha bado anawakumbuka. Nilimwonea huruma, lakini sikuelewa, hadi siku niliyoshika simu ya jirani. Namba tano yake nayo ilikuwa na kinundu. Simu mbili hazipati tope mahali pamoja.

"Bibi, ni mimi. Nilikikwangua kwa wembe."

Akapapasa kitufe, akanifinya sikio, kisha akacheka hadi machozi yakamtoka. "Kumbe akili yangu ipo! Mtundu wewe!" Akanituma nilete sketi yake ya ngozi ya usichanani, iliyopambwa kwa shanga, akaniambia nikate ushanga mmoja, ule mdogo kabisa. Tuliubandika juu ya namba tano kwa gundi ya viatu.

Siku hizi nafanya kazi mapokezi kwenye hoteli ya watalii Karatu mjini, na simu yangu ni kioo kitupu. Nilimnunulia bibi kama hiyo. Akaipapasa mbele na nyuma, akanirudishia. "Nitaanzia wapi?" Jumapili mara nyingine nafumba macho nijaribu kumpigia, lakini kidole kinateleza tu na hakifiki popote. Basi naiweka simu mezani, namsubiri yeye anipigie.