Kisomo cha Bi Zuwena

Najua mtanicheka. Mtu hajafika hata thelathini anasema "enzi zetu"! Lakini ninyi mliosoma na mimi Kilindoni, kisiwani Mafia, mliokuja shule na fagio la chelewa mkono huu na kidumu cha maji mkono ule, mtanielewa. Enzi zile simu ya baba ilikuwa kitochi, na ile tochi ndiyo iliyofanya kazi kuliko simu yenyewe. Tulicheza rede mpaka mpira wa soksi unamwaga matumbo. Tulimumunya mabungo mpaka meno yanakufa ganzi, halafu tunarudi nyumbani na midomo ya njano tukiapa kwamba hatujala kitu. Ukitumwa dukani unakimbia, na ukirudi unaulizwa mbona umechelewa. Watoto wa siku hizi bando likikata tu, wanalala kitandani kama wagonjwa.

Baba alikuwa mwalimu, mtu wa Mbamba Bay, kule kwenye Ziwa Nyasa. Alipangiwa kazi Mafia nikiwa bado nabebwa mgongoni. Mama alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikaa barazani. Nusu ya kaptula na sketi za shule yetu zilipita mikononi mwake. Kwa watu wa Mafia, ukitoka Bukoba, ukitoka Mbeya, ukitoka Songea, wewe ni mtu wa bara, basi. Hakuna aliyemuuliza mama bara ipi. Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi, lakini wabara wote tulikuwa na lafudhi, hata wale waliojifanya hawana.

Sasa mama hakuwa wa bara hiyo waliyoifikiria. Alizaliwa Nkhata Bay, Malawi, ng'ambo ya ziwa, akaolewa upande huu. Watu wa ziwa lile wameoana hivyo miaka nenda miaka rudi, bibi harusi anavushwa kwa boti na vyombo vyake. Mama yake mzazi, tuliyemwita agogo, alikuwa bado yuko kule, pamoja na wajomba zangu wawili wavuvi.

Jirani yetu ukuta kwa ukuta alikuwa Bi Zuwena. Wazee wake walikuwa Waarabu kidogo, Waswahili sana, na shamba lake la minazi lilifika mpaka Miburani. Alikuwa na sauti! Akikuita "We Furaha!" unasimama hata kama anaitwa Furaha mwingine. Yeye na mama waliiva kweli kweli. Sikukuu ya Idi tulikula kwake, Krismasi alikula kwetu, kuku amechinjwa na mwanawe Salumu ili moyo wake utulie. Salumu alipoingia jeshini, mama ndiye aliyemshonea suruali ya safari.

Halafu ukaja ule mwaka wa mzozo wa ziwa.

Mnaukumbuka? Redio asubuhi ziwa, redio jioni ziwa. Mpaka wetu na Malawi upite wapi, katikati ya maji au ufukweni kwetu. Sisi watoto hatukuelewa kitu ila neno moja: vita. Wazee waliopigana Kagera wakapata heshima upya, wakaanza kusimulia mabomu huku tumekaa chini vinywa wazi. Dukani mafuta ya taa na chumvi vikaanza kufichwa. Mtu mmoja akasema adui akija ataanza na uwanja wa ndege, na uwanja wenyewe si huu hapa mjini? Basi tukachimba handaki nyuma ya shule. Mafia mnaijua, ukichimba mchanga kidogo maji yanakusalimia. Tukawa na handaki lililojaa maji na kaa wawili.

Kila ndege iliposikika tulijitupa chini ya mikorosho, mikono kichwani. Na ndege zenyewe ni zile ndogo za watalii wanaokuja kuogelea na potwe, yule papa mkubwa asiyeuma mtu. Wazungu wa watu wanatupungia dirishani kwa furaha, sisi tunasali. Boti la doria la hifadhi ya bahari likipita tulilipigia saluti, tukiamini limeshafungwa mizinga. Mwalimu wetu akatucharaza wote kwa sare zilizojaa vumbi, na mama akasema safari ijayo tukifa tufe wasafi.

Alisema hivyo akicheka, lakini kicheko chake kilikuwa kimepungua. Redio ikianza kusoma habari, mguu wake ulisimama kwenye pedeli. Alipiga simu Nkhata Bay, haishiki. Jioni moja baba alinikalisha akaniambia, "Furaha, ukiulizwa kwenu wapi, sema Mbamba Bay. Ni kweli, kwenu ni Mbamba Bay." Nikamuuliza, na mama je? Akasema, "Mama hakuulizwa." Nilikuwa darasa la nne, na siku ile nilijua kwamba mama yangu alikuwa adui.

Shuleni tulianza kucheza vita. Hakuna aliyetaka kuwa upande wa Malawi, kwa hiyo tulilazimishwa kwa zamu. Zamu yangu ikifika nilikuwa napigwa mabungo mabovu mgongoni, na nalia kilio ambacho wenzangu walidhani ni cha mchezo.

Kisha habari ikafika kwa Bi Zuwena kwamba kikosi cha Salumu kimepelekwa Songea, upande wa ziwa. Sijui kama ilikuwa kweli. Mwanamke yule alikaa barazani kwake siku nzima hajafunga ushungi vizuri. Asubuhi yake sauti ilirudi, tena maradufu. "Wallahi siwezi kukaa nikasubiri kuletewa maiti! Nitawasomea halbadiri, wote, ng'ambo nzima!"

Kwa asiyejua, halbadiri ni kisomo kizito. Mtu akiibiwa na mwizi hajulikani, husomwa halbadiri, na sisi watoto tulijua kabisa kinachofuata: mwizi atavimba tumbo, au atachanganyikiwa, au atakufa. Kila mmoja wetu alikuwa na mjomba aliyemwona mtu aliyevimba. Kisomo hakiangalii umbali, hakihitaji pasi ya kusafiria. Kinamfuata mwenyewe alipo.

Mama alikuwa barazani, anatia uzi kwenye sindano.

Sikula siku ile. Nilimhesabia mama pumzi. Akikohoa kidogo tu, namtazama tumbo. Na agogo je, bibi yangu wa watu ambaye sijapata kumwona zaidi ya picha, anayekausha samaki ufukweni, atavimba bila kujua kwa nini?

Kisomo kikapangwa baada ya alasiri, nyumbani kwa Bi Zuwena. Maalimu na wanaume wangekaa ukumbini, wanawake uani wakipika, pazia katikati. Na kama ada, jirani wote waliitwa. Bi Zuwena alipaza sauti juu ya ukuta, "Mama Furaha! Njoo na mbuzi yako ya kukunia nazi, ya kwangu imevunjika jino!"

Mama akasimama, akaichukua mbuzi. Nikamshika gauni. "Mama, usiende. Wanawasomea Wamalawi. Watakusomea wewe."

"Jirani ananiita," mama alisema. "Nikikaa ndani leo, kesho nitatokaje?"

"Utakufa!"

Alinitazama, na nikaona kwamba na yeye anaogopa. Hakuwa Mwislamu, lakini alishakaa Mafia kiasi cha kutosha kuiogopa halbadiri. Akajifunga kanga, akaniambia nibebe kifuu cha kukingia tui. Tukaenda.

Uani kulikuwa na harufu ya pilau na moshi wa makumbi ya nazi. Wanawake kama kumi hivi, wengine wanachambua mchele, wengine wanamenya vitunguu. Mama akakaa juu ya mbuzi, akaanza kukuna. Mimi nikakaa karibu yake mpaka goti langu linamgusa, nikiwaza kwamba kisomo kikija nitamkinga, sijui kwa kitu gani.

Kabla ya kisomo huombewa watu. Desturi ya pale ilikuwa kila mwanamke anataja mtu wake, jina lake na jina la mama yake, maana mama ndiye asiye na shaka. Bi Zuwena alisimama penye pazia, anapokea majina kutoka uani na kuyapitisha ukumbini kwa sauti yake ile, na Maalimu Hemedi anayaitikia. La kwanza alitaja la kwake. "Salumu, mwana wa Zuwena." Sauti ilikatika hapo, ikarudi. Mwingine akataja mumewe aliye safarini, mwingine binti mwenye mimba.

"Haya, Mama Furaha. Na wewe taja wako."

Mkono wa mama ukaacha kukuna. Nilijua atasema jina la baba. Ningekuwa mimi ningesema la baba.

"Esinati," mama alisema. "Mwana wa Tamara."

"Huyo nani?"

"Mama yangu."

"Mama yako yupo? Miaka yote hii! Yuko wapi, Songea?"

"Nkhata Bay."

"Ndo wapi huko?"

"Malawi," mama alisema. "Nimezaliwa huko, Bi Zuwena. Mama yangu yuko huko, na kaka zangu wawili. Wakipewa bunduki, ndio watakaosimama mbele ya Salumu. Basi niombeeni na mimi."

Hata vitunguu viliacha kumenywa. Mwanamke mmoja akanong'ona, "Astaghfirullah." Mwingine akavuta mchele wake pembeni, akausogeza mbali na mama kidogo tu, lakini niliona. Bi Zuwena alimtazama mama, akaitazama nazi iliyokunwa, nyeupe ndani ya ungo. Uso wake ulikuwa umeumia, mimi nikadhani ni hasira.

"Miaka yote unakula kwangu," alisema taratibu, "hukuniambia."

"Hukuniuliza, dada."

Ukumbini Maalimu akakohoa. "Bi Zuwena, kuna jina jingine?"

Nilimshika mama kiunoni kwa mikono miwili. Kisha Bi Zuwena akaugeukia ukumbi, akatoa sauti ileile, haikupungua hata chembe. "Esinati, mwana wa Tamara!"

"Esinati, mwana wa Tamara," Maalimu akaitikia, na wanaume wakasema amina. Nilisikia jina la bibi yangu, la huko ziwani, linasemwa na midomo ya wazee wa Kilindoni.

"Haya," Maalimu akasema, "na anayesomewa? Nitajie adui."

Bi Zuwena alifungua mdomo. Akaufunga. Alitutazama sote pale uani, mmoja mmoja, kama anamtafuta mtu amwazime jina. Hakuna aliyemsaidia.

"Bi Zuwena?"

"Hakuna, Maalimu," alisema. "Soma ya salama tu. Soma warudi makwao."

Mama akainama juu ya nazi akalia, na machozi yake yaliingia kwenye ungo, na tui lile lilipikiwa pilau vilevile.

Msidhani waliishia kukumbatiana. Bi Zuwena alinuna. Siku kadhaa hakumwita mama ukutani. Sahani ya pilau aliileta mjukuu wake, bila salamu. Mama alisema ana haki, mtu akifichwa lazima aumie. Wale wanawake wengine nao, wapo waliopeleka sare kwa fundi mwingine mpaka mwaka ukaisha. Baba alimlaumu mama usiku na mchana, halafu akachoka.

Kisha asubuhi moja redio ikasoma habari za ziwa, mazungumzo yamevunjika au yameahirishwa, sikumbuki. Mguu wa mama ukasimama kwenye pedeli. Na juu ya ukuta ikaja ile sauti, "Mama Furaha! Umesikia? Mama yako hajambo?"

Mama akajibu kwamba simu haishiki. "Na Salumu je?"

"Hata yake haishiki. Tuvumilie."

Tangu siku ile ikawa hivyo. Habari ikisomwa tu, ukuta unaulizana. Vita havikuja. Wakubwa waliendelea na vikao vyao, magazeti yakahamia kwenye mambo mengine, na handaki letu likajifukia lenyewe. Salumu alirudi likizo akiwa mnene, na mfuko wa usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa. Bi Zuwena aliupitisha mfuko wote juu ya ukuta bila kuufungua. Mama aliukaanga usipa wenyewe, akaula kwa mikono yote miwili, hakutubakizia.

Leo Bi Zuwena hayupo, Mungu amrehemu. Baba alistaafu, wakahamia Mbamba Bay, na agogo alizikwa mama akiwepo. Mimi niko mjini, nimo kwenye magrupu ya simu kama ninyi. Kila zikizuka habari kwamba nchi fulani imetutazama vibaya, naona vijana wetu wanavyofurahi. "Tuwanyooshe!" "Wiki moja tu!" Na vikatuni vinavyocheka mpaka machozi. Sisi tulikuwa waoga, tulijitupa chini ya mikorosho kwa ajili ya watalii, lakini tulivijua vita kuwa kitu cha kuogopa. Siku moja niliandika kwenye grupu, jamani, kuna mtu ana ndugu kule? Nikapata vidole gumba viwili, na mmoja akaniuliza kama mimi ni wa huko.

Nilimpigia mama nikamsimulia. Tukazungumza mengi, nikamuuliza kati ya vyote vya Mafia anakumbuka nini zaidi. Nilidhani atasema cherehani yake, au pilau la Idi, au madafu ya Miburani.

"Kule," akasema, "nilikuwa naulizwa mama yangu hajambo."