Upenu wa Watu Wanane

Kamba ya usumba hunuka. Makumbi ya nazi hufukiwa kwenye tope la pwani miezi mingi, na yakishafukuliwa na kusokotwa, harufu ile hukaa kwenye kamba, mikononi na nguoni, ufue usifue. Kwangu mimi hiyo ndiyo harufu ya mwaka nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, kijijini kwetu, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Chake Chake. Mama alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Nyumbani tulibaki wawili, mimi na Baba, na Baba hakuwa mtu wa maneno mengi. Asubuhi alikwenda kwenye mikarafuu yake, akirudi alikaa barazani mbele ya nyumba akisokota kamba. Mimi nilikaa kizingitini nikimtazama, kwa sababu sikuwa na mtu mwingine wa kumtazama.

Haikuwa hivyo zamani. Baraza yetu ilikuwa ya watu wanane. Walikuja baada ya sala ya alasiri, kila mtu na pahala pake, wakanywa kahawa na kubishana mpaka magharibi. Jirani yetu Bwana Shaame ndiye aliyecheka kwa sauti kuliko wote, na binti yake, Raya, alikuwa shoga yangu. Tulikula sahani moja na kusukana nywele. Kisha zikaja zama za siasa. Ninyi mliozaliwa juzi hamwezi kujua. Watu wa chama hiki hawakununua chumvi dukani kwa mtu wa chama kile, wala hawakuzikana. Baba alikuwa chama kimoja, wenziwe wote saba wa barazani wakawa chama cha pili. Mmoja mmoja wakaacha kuja. Raya akakatazwa kuingia kwetu, nami nikakatazwa kwenda kwao, na nyumba yao iko ng'ambo ya njia tu, nawasikia wakitwanga. Nilimchukia kila mtu mzima wa Pemba, Baba akiwemo.

Masika yalipokaribia, Baba akasema atajenga upenu mbele ya mlango. Paa letu lilikuwa fupi upande ule, na mvua ikinyesha maji yaliwadondokea magotini waliokaa barazani. "Watu hawawezi kukaa wakilowa," alisema. Watu gani? Sikuthubutu kuuliza. Alichora upenu wake mchangani kwa kijiti, akaufuta, akachora tena. Kimo chake, alisema, kiwe cha kumpitisha mtu mwenye pakacha kichwani bila kuinama. Upana ndio uliomsumbua, na hapo akanifanya mimi kipimo. Alinikalisha pahala pa kila mtu ili aone jua la alasiri linanipiga wapi. "Sogea. Hapo kwa Makame." Nikasogea. "Hapo kwa Shaame. Nyoosha miguu, mwanangu, Shaame ana miguu mirefu." Nikanyoosha miguu yangu mifupi, naye akapima kwa dhiraa kutoka ukutani, kisha akaongeza shibiri moja kwa ajili ya Shaame. Nilikaa pahala pa watu wote siku ile, na nilijiona mpweke kuliko siku aliyozikwa Mama, maana siku ile angalau nyumba ilijaa.

Nguzo nne za boriti alizisimamisha mwenyewe, na fito akazifunga kwa zile kamba zake zinazonuka. Kuezeka ndiko kulikohitaji watu. Kwetu mtu hakualikwa kuezeka. Ulipanga makuti mbele ya nyumba jioni, waliopita wakayaona, na asubuhi yake wakaja na visu vyao, nawe ukawapikia. Kila nyumba kijijini iliezekwa hivyo. Baba akayapanga makuti yake jioni, na asubuhi akaniambia nipike wali wa watu wanane. Nikamwambia, "Baba, niende kwa Bwana Shaame nikamwite?" Akanitazama kama niliyemtukana. "Mtu haitwi kuja kuezeka. Makuti kayaona. Akitaka, atakuja."

Nikapika. Mwiko niliushika kwa mikono miwili, sufuria lilivyokuwa kubwa. Kila nyayo zikisikika njiani, Baba aliinua kichwa, na kila mara zilipita. Jua lilipokuwa kali akapanda peke yake. Kuezeka ni kazi ya kupokezana, huyu anainua, yule anafunga. Yeye alipanda akafunga kuti moja, akashuka kuchukua jingine, akapanda tena. Adhuhuri ikaadhiniwa, hapakuja mtu. Akashuka, akala matonge matatu, akasema wali umeiva vizuri. Uliobaki tuliwatupia kuku siku mbili. Nililia jikoni, na haukuwa moshi.

Upenu ulikwisha siku ya nne, makuti yamepinda upande mmoja. Mvua ikaja, na chini yake palikuwa pakavu kabisa. Baba alikaa pahala pake, mimi nikakaa pahala pa Shaame, tukaitazama njia. Wale wanane hawakukaa pamoja tena maisha yao yote.

Siku hizi nakaa Gombani, huko Chake Chake, na mbele ya mlango wangu kuna kivuli cha zege chenye nguzo mbili za duara. Fundi alinionyesha picha kwenye simu, nikachagua, vibarua wakamwaga zege siku moja. Hakuna jirani aliyengojewa. Hakivuji wala hakinuki. Mwaka jana Raya alikuja kunitazama, sote sasa ni vizee, akakaa chini yake na kahawa yake, akatazama juu, akaukumbuka upenu wa Baba.

"Shoga, unajua baba yangu siku ile alikuwa ameshanoa kisu?" aliniambia. "Alikaa uani tangu alfajiri na nguo zake za kazi. Mama akamwambia, nenda. Akasema, zamani ningekwenda tu, lakini kwa hali hii nikienda bila kuitwa ataona nimekuja kumcheka. Akiniita, nakwenda." Alingoja mpaka adhuhuri, kisha akazivua zile nguo.

Kutoka mlangoni kwetu mpaka kwao zilikuwa hatua thelathini, nilizihesabu mara nyingi utotoni. Na asubuhi ile, kabla hata sijamuuliza Baba, nilikuwa nimeshajitanda kanga yangu, tayari kutumwa.