Sensa ya Joto Siku ya Ndoa Yangu

Jamani, aibu nyingine mtu huisahau, lakini hii yangu haisahauliki kwa sababu kila nikishuka Msanga Mkuu kuna mtu wa kunikumbusha, tena kwa sauti, kwa hiyo bora niisimulie mwenyewe kabla hamjaipata kwa mwingine ikiwa imeshatiwa chumvi.

Mimi ni fundi wa mashine za boti, kibanda changu kiko Shangani, na wakati huo nilikuwa nimemposa Salma, binti wa Mzee Mnali wa huko Msanga Mkuu, ng'ambo ya ghuba. Mzee Mnali ana boti ya faiba yenye mashine ya kisasa, zile zenye kioo kinachoandika namba ya hitilafu kitu kikiharibika, na miezi michache kabla ya ndoa mashine ile ikaanza visa. Mnatoka nayo vizuri, mkifika katikati ya maji inalia piiip, kioo kinaonyesha namba ya sensa ya joto (si sensa ya kuhesabu watu, hii ni kidude kinachopima kama mashine inachemka), halafu inajipunguzia mwendo yenyewe, mnabaki mnatambaa kama mnasindikiza maiti.

Mzee akaniletea mimi mkwe mtarajiwa, angempelekea nani mwingine? Nikabadilisha sensa, namba ikarudi. Nikazibua njia za maji, nikaweka pampu mpya, ikarudi ile ile. Cha ajabu, kibandani kwangu ilikuwa haikosei: naiunganishia mpira wa maji, navua kava niitazame vizuri, inanguruma weee bila kulia, narudisha kava, naikabidhi, kesho yake naambiwa imelia tena. Fundi mwingine angesema Mzee, bado sijalijua tatizo. Mimi nikaona haya, maana mtu anayekupa binti yake utamwambiaje kazi unayotegemea kumlishia imekushinda, basi nikaunganisha simu yangu kwenye mashine, nikaifuta ile namba, kioo kikawa safi, nikampigia nikamwambia imepona.

Mzee alifurahi mno, akasema siku ya ndoa msihangaike na pantoni, boti yangu itakuja kuwachukua, si umeitengeneza mwenyewe. Ningekataaje?

Ndoa ilipangwa baada ya sala ya alasiri, na sheikh alishatuma salamu kwamba ana ndoa nyingine Mikindani, hivyo tusimcheleweshe. Tukakusanyika ufukweni, mimi na kanzu nyeupe, kilemba, na joho jeusi la nakshi za dhahabu (la kuazima), Shangazi Somoe kavaa boya la kujiokolea juu ya dera jipya huku analalamika kwamba linamharibia picha, na nyuma yake vijana wa matarumbeta. Nahodha alikuwa Hemedi, kaka yake Salma, mtu asiye na maneno mengi. Vifaa vyangu niliviacha kibandani. Bwana harusi na spana wapi na wapi.

Katikati ya ghuba, piiip. Shangazi akauliza ni nani huyo asiyepokea simu yake. Boti ikapoa mwendo, matarumbeta yakapoa nayo, na Hemedi akanitazama kwa upole ulionitoa jasho.

"Shemeji," akasema, "si ulisema imepona?"

Nikamwambia azime awashe. Ikaenda kidogo, ikalia. Akazima, akawasha, ikalia tena, mpaka kijana mmoja wa tarumbeta akaishika ile sauti na kuanza kuipigia wimbo, na watu wakawa wanaucheza. Mimi nikakunja mikono ya kanzu, nikavua kava ili nionekane nafanya jambo, kwa kweli sikuwa na la kufanya, na Hemedi alipowasha mashine ikanguruma kama mpya. Nikafunga kava, ikalia. Nikavua, ikanyamaza. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba kule kibandani sikuwahi hata mara moja kuipima ikiwa imefungwa.

Muda wa kutafuta zaidi haukuwepo, nikamwambia Hemedi twende hivyo hivyo, wazi. Ila mashine iliyovuliwa haitaki kurushiwa maji ya chumvi, na mawimbi yalikuwa yanaruka, basi nikavua joho la watu, mimi nikashika ncha huku, kijana wa tarumbeta akashika ncha kule, tukalikinga kama pazia mwendo wote, na Shangazi akapakata kava mapajani kama mtoto mchanga.

Tulifika kwa mngurumo, akina mama waliokuwa wamejiandaa na vigelegele wakanyamaza wakidhani linakuja trekta. Maji yalikuwa yameshakupwa, boti ikagota mbali. Kabla ya kushuka niliomba kava nifunike mashine, nikaona kwa ndani limechubuka, na mkabala wa pale waya wa sensa umelika hadi shaba inaonekana. Kila kava likifungwa lilikuwa linaubana waya kwenye chuma, na mashine inadhani inaungua. Nani aliyeupitisha waya pale sijui, ingawa mtu wa mwisho kuufunga alikuwa mimi.

Tukatembea majini hadi magotini. Nilifika barazani kanzu imeloa, kifuani nina alama ya kiganja cha grisi, joho linachuruzika. Sheikh alikuwa anatazama saa. Akanikalisha, akanishika mkono, akauona ulivyo mweusi, akaanza khutba kwenye maikrofoni. Mzee Mnali kakaa ubavuni kwangu, na moyo wake uko kwenye boti yake. Akaniinamia sikioni akaniuliza, lakini ilikuwa nini. Wakati huo huo sheikh akawa amefika pale penyewe, kwamba amenioza Salma kwa mahari tuliyoafikiana, na maikrofoni ikaletwa mdomoni kwangu.

"Ni waya, Mzee," nikajibu. "Ulikuwa unabanwa na kava."

Spika zilipeleka jibu hilo hadi jikoni kwenye masufuria ya pilau. Halafu kutoka chumbani kikatoka kicheko cha mwanamke, nikakijua, ni cha Salma.

"Bwana harusi," akasema sheikh, "habari za waya sikukuuliza. Sema nimekubali."

Nikasema. Nikasema tena na tena, mpaka akaniondolea maikrofoni.

Baada ya pilau mimi na Mzee tulirudi botini na kanzu zetu, tukauzungushia waya tepu, tukausogeza pembeni, tukafunga kava, tukazunguka majini bila kusikia hata piii moja. Nilikuwa nasubiri anigombeze.

"Ungeniambia tu hujui," akasema. "Hata mimi siijui mashine hii, ndiyo maana nilikuletea."

Msanga Mkuu wananiita Bwana Waya mpaka leo, na mke wangu ndiye kinara wao. Lakini nimeapa: kitu sijakijua, sitasema kimepona. Juzi mtu kaniletea mashine yenye namba inayorudi rudi, nikaipima wazi, nikaipima imefungwa, akaniuliza tatizo nini, nikamwambia bado sijui. Akaikokota akaipeleka kwa fundi mwingine. Iliniuma, sikatai, lakini nilikula chakula changu cha mchana kwa amani.