Kilichofichwa Juu ya Meko ya Nyanchama

Nyanchama hakuwa mtu wa kuamini watu. Ukimpa ndizi, aliigeuza kwanza aone kama imedungwa sindano ya sumu. Majirani zake kule juu ya Keumbu walishamzoea, wakamcheka pembeni, na wala hawakumchukia, maana alikuwa mchapa kazi kweli kweli. Lakini mwaka ule wa sabini na nne, kushuku kwake nusura kumtoe mtu roho.

Mambo yalianzia kwenye vidonge. Alikuwa amezaa wasichana watatu na mvulana mmoja bila kupumzika, na uzazi wa mwisho ulimwacha nusu maiti. Akaenda Kisii mjini kwa kisingizio cha kuuza ndizi, akarudi na vidonge vya kupanga uzazi chini ya kikapu. Mumewe, Machogu, hakuambiwa kitu. Kila pakiti ilipokwisha, Nyanchama aliisokomeza kwenye nyasi za paa la jikoni, juu ya meko, akiamini moshi utaila.

Kisha surua ikamchukua yule mvulana. Machogu alilia, halafu akasema waziwazi: wimbi, ule ulezi wa shambani, likivunwa kabla mkewe hajashika mimba, ataoa mke wa pili. Nyanchama akaacha vidonge siku hiyo hiyo, pakiti ya mwisho akaificha kabla haijakwisha.

Damu yake ya mwezi ilichungulia mara moja, kisha ikatokomea. Mwezi ukapita, na mwingine, na mwingine. Mimba haikuwa, mimba aliijua. Nesi wa kule mjini alikuwa amemwambia, "Siku ukiacha, damu inaweza kukawia miezi kadhaa kabla ya kujipanga tena. Usitishike." Lakini nesi alikuwa mgeni, na wageni, Nyanchama alijiambia, ndio waliotumwa kuwapunguza Wakisii. Maneno yale akayatupa.

Ndipo asubuhi moja Mong'ina, mke wa shemeji yake Walter, alipomwita kwa jina la binti yake, kutoka upande wa pili wa ua.

"Mama Nyanchera, mbona siku hizi huaniki vile vitambaa vyako?"

"Vitambaa vyangu vinakuhusu nini?"

"Nauliza tu."

Nani huuliza tu? Nyanchama akakumbuka kitambaa chake kimoja cha damu ya mwezi kilichopotea uani wakati wa mvua. Anayeishika damu ya mwanamke ameushika uzazi wake, hilo alifundishwa tangu utotoni. Basi hesabu ikakamilika! Tangu siku hiyo, Mong'ina akimsalimu mapema, anachunguza. Asipomsalimu, ana hatia. Akicheka, anamcheka yeye.

Akalipeleka jambo kwa mama mkwe wake, Bonareri, mama mzito wa kanisa la Waadventista. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema Bonareri. Sabato akaongoza nyimbo kama kawaida, na Jumapili akatuma mtu amwite omoriori, yule wa kunusa uchawi uliofichwa na kuufukua. Nyanchama alifurahi moyoni. Aliona tayari pua ya mzee ikielekea moja kwa moja kwa Mong'ina.

Mzee Nyangau, ndiye omoriori, alifika mchana, jamaa wote wakiwa wamekusanyika. Alinusa ua. Alinusa mlango wa Mong'ina, akaupita. Akasimama mbele ya jiko la Nyanchama.

"Uchawi huwekwa kwa anayerogwa," alisema, "si kwa anayeroga."

Nyanchama akalikumbuka paa lake. Mkono wa mzee ulikuwa umekwisha kuingia nyasini.

Zikatoka pakiti, nyeusi kwa masizi, bado zinametameta penye mikunjo, na katika moja vidonge viwili vilivyobaki. Lo, kelele zilizolipuka!

"Dawa ya kukausha damu!" Bonareri alipiga ukelele. "Nani huingia humu kila siku kuomba moto?"

Macho yote yakamgeukia Mong'ina. Walter, mumewe wa ndoa, akajisogeza mbali naye, kidogo tu, lakini kila mtu alimwona. Mtu huko nyuma akauliza kiberiti kiko wapi, mchawi achomwe. Mong'ina hakulia. Alimtazama Nyanchama tu.

Nyanchama angenyamaza, ndoa yake ingepona. Machogu alikuwa amekunja ngumi kwa ajili yake, mara ya kwanza kusimama upande wake tangu mtoto afe. Kunyamaza tu, basi.

"Ni vyangu," alisema. "Vya kuzuia mimba. Nimemeza mwenyewe."

Machogu akakunjua ngumi, akatoka uani. Bonareri akajiziba mdomo kwa leso. Mzee Nyangau akaziweka zile pakiti chini polepole, akatafuta fimbo yake.

Mong'ina ndiye aliyesema, mbele ya Walter na wote. "Hata mimi nilimeza, nikaacha. Damu yangu ikapotea mpaka nikadhani tumbo limekufa. Ikarudi yenyewe, nikampata mwanangu Omwenga. Nilipokuuliza habari za vitambaa nilitaka kukutuliza roho, mama. Nawe ulikuwa unanitafutia kiberiti."

Machogu alihamia kwa mamake, wala hakuna aliyejua angerudi au angeoa. Wimbi lilikuwa linaanza kuiva pale Nyanchama, akichuma chai, alipohisi ule umajimaji aliokuwa ameusahau. Akaenda kando, akaangalia. Damu! Akacheka peke yake kama mwehu, akalia, akatamani kumwambia mtu, na mtu wa kuelewa alikuwa mmoja tu. Akakata ndizi mbivu, zile nzuri, akakimbilia uani.

"Mama Omwenga! Imerudi! Ulisema kweli!"

Mong'ina aliacha kuanika nguo, akaja, akapokea ndizi moja. Akaigeuza upande huu, akaigeuza upande ule, akiangalia kama imedungwa. Kisha akaiweka juu ya ua uliowatenganisha, akarudi kwenye nguo zake.