Mita Thelathini na Sita

Wanafunzi walimpachika jina la Mwalimu Kwa Sekunde, naye alijua. Aliyesimama ubaoni akajibu "ishirini" bila kutaja kipimo alikiona cha mtema kuni. "Ishirini nini? Ishirini vitunguu?" angeuliza, na darasa zima lingeitikia, "Mita kwa sekunde!" Alifundisha fizikia miaka ishirini na minne katika shule ileile, chumba kilekile chenye dirisha lisilofunga, na mada aliyoipenda kupita zote ilikuwa mwendo. Mtu anaweza kukudanganya alitoka saa ngapi na alipita wapi, alizoea kusema, lakini ukishapata umbali na muda, ukweli utajitokeza wenyewe, hata kama haukualikwa.

Mumewe alifariki mtoto wao akiwa na miaka sita, akabaki na huyo mmoja tu, mboni ya jicho lake. Kijana vitabu hakuvipenda. "Mama, hesabu zako zinaniuma kichwa," alikuwa akisema, "nipe usukani." Alipofika miaka ishirini na miwili akapewa usukani kweli, wa gari dogo la kiwanda cha mikate. Kila jioni alirudi na mkate mmoja uliopondeka ubavu, ule ambao maduka hayaupokei, wakaukatia juu ya meza iliyojaa madaftari ya kusahihishwa. Mama akilalamika kwamba daftari la mtoto wa watu limejaa makombo, kijana anamwambia ampe alama mbili za fidia.

Jumamosi moja, saa tano asubuhi, gari lile lilimgonga msichana wa kidato cha pili kwenye barabara inayopita mbele ya karakana za maseremala. Msichana alikuwa ametumwa vifungo na mama yake, fundi cherehani anayeshona sare za shule. Alifia palepale. Mwalimu alimfahamu vizuri. Alikaa dawati la mbele, mwandiko wake mdogo kama wa sisimizi, na alikuwa na tabia ya kuuliza swali wakati kengele imeshalia na wenzake wameshabeba mikoba.

Mwalimu alimkuta mwanawe kituo cha polisi, amekaa kwenye benchi, viganja katikati ya magoti.

"Nilikuwa nakwenda hamsini, mama. Haki ya Mungu, hamsini. Alichomoka tu nyuma ya mbao."

"Nakuamini, mwanangu."

Na alimwamini. Kwa kuwa alimwamini, alipita shuleni akaazima tepu ya mita hamsini ya mwalimu wa michezo, akaenda barabarani. Askari walikuwa wamechora chaki pale msichana alipogongwa, lakini mpimaji wao angefika Jumatatu. Mwalimu hakuona sababu ya kungoja. Alitaka kuwapelekea hesabu iliyokamilika, ili kila mtu aone kwamba mtoto wake hana hatia.

Seremala mmoja alimshikia ncha ya tepu. Alama za matairi zilikuwa nyeusi, zimenyooka, hazina shaka. Alizipima mara tatu. Mita thelathini na sita tangu breki ilipokamata hadi gari liliposimama. Tangu mwanzo wa alama hadi kwenye chaki, mita ishirini na nane.

"Umepata ulichokitaka, mama?" seremala akamuuliza.

"Bado sijapiga hesabu," akasema.

Alizipiga nyumbani, juu ya meza ileile. Gari lililofungwa breki kwenye lami kavu hupungua mwendo kwa mita kama saba kwa sekunde, kila sekunde inayopita. Mbili mara saba mara thelathini na sita: mia tano na nne. Akatafuta kipeuo chake cha pili, akageuza kuwa kilomita kwa saa. Themanini na kitu. Akadhani amekosea. Akafuta, akaanza upya, kisha akaigeuza hesabu aianzie mwisho, kama alivyowafundisha wanafunzi kujihakiki. Themanini ilibaki themanini. Basi akajaribu hamsini ya mwanawe, aone ingekuwaje. Gari la hamsini lingesimama baada ya mita kumi na nne, nusu tu ya njia kabla ya chaki. Msichana angemaliza kuvuka, labda angegeuka kumtukana dereva.

Jumapili mvua ikanyesha, kubwa. Jumatatu mpimaji wa polisi akakuta lami imeoshwa, safi kama sahani.

Kijana alitoka kwa dhamana siku hiyo hiyo. Mama yake akamwekea daftari la hesabu ile mbele yake. Kijana akatazama tarakimu kwa muda mrefu, yeye asiyependa hesabu, halafu akauliza, "Nani mwingine ameiona hii?"

Mwalimu alisema baadaye kwamba moyo wake ulivunjika kwa swali lile. Themanini ilikuwa ya mguu wa kijana kwenye pedali. Swali lilikuwa la mtu ambaye yeye mwenyewe alimlea.

Dada mkubwa wa mwalimu alikuja akamsihi. "Mdogo wangu, damu ni nzito kuliko maji. Mvua imefuta. Mungu mwenyewe ameshafuta, wewe unaandika tena ili iweje? Yule msichana atarudi?"

"Hatarudi, dada."

"Basi choma hilo daftari."

Hakulichoma, wala hakulipeleka popote. Siku tatu lilikaa chini ya mto wake, na darasani aliwapa wanafunzi kazi ya kusoma kimya.

Alhamisi mama wa marehemu akafika ofisi ya walimu. Alikuwa na vipande vya uzi mwekundu kwenye blauzi. Alikuwa ameacha kazi cherehanini. Walimu wengine wakatoka mmoja mmoja.

"Sikuja kugombana, mwalimu," akasema, akakataa kiti. "Marehemu alikuwa akiniambia, mwalimu wetu ukimwonyesha alama ya tairi atakuambia gari lilikuwa linakwendaje. Na yule fundi mbao kaniambia ulipima. Mimi sikusoma. Kwa hiyo nakuuliza wewe. Mwanao angeweza kusimama, au siku ya mwanangu ilikuwa imefika?"

Mwalimu angeweza kujibu mambo mengi. Angeweza kusema ya Mungu mengi, na yule mama angeitikia amina na kurudi cherehanini kwake. Badala yake akasikia sauti yake mwenyewe, nyembamba, ikisema, "Angeweza."

"Angeweza?"

"Kama angekwenda mwendo unaotakiwa, angesimama mbali naye. Alikuwa anakwenda themanini. Nisamehe, mama."

Yule mama akatikisa kichwa taratibu. Akachambua uzi mmoja kwenye blauzi yake, akautia mfukoni, akaondoka. Hakusema asante. Asante ya nini?

Mchana ule mwalimu alipeleka daftari kituoni. Mahakamani seremala alithibitisha vipimo, na mwalimu akaulizwa na hakimu kama ana hakika na hesabu yake. Akasema anayo. Kizimbani kijana aliinamisha kichwa, hakukiinua hadi alipohukumiwa miaka mitatu.

Mwaka wa kwanza alikataa kuonana na mama yake. Mwalimu alikwenda kila mwezi, akaandikisha jina, akakaa kwenye benchi la wageni mpaka askari amwambie, "Amesema leo hapana, mama." Dada yake alikuwa ameacha kumsalimia. Kuna walimu waliomsifu kwa ujasiri wake, akawaomba waache.

Mwaka wa pili, siku moja, kijana akakubali kuja kuonana naye. Alikuwa amekonda, shingo ndefu kama ya baba yake. Wakatazamana kupitia wavu.

"Sikuwa na haraka yoyote, mama," akasema. "Nimefikiria weee. Mikate ilikuwa imekwisha. Barabara ilikuwa nyeupe tu."

Mama akausogelea wavu.

"Ningekuwa nakwenda sabini?"

"Usijitese, mwanangu."

"Nijibu. Wewe ndiye mwalimu."

Alikuwa ameshaipiga hesabu ya sabini, na ya sitini, na ya sabini na tano, usiku mwingi kuliko alioweza kuhesabu. "Ungesimama," akasema. "Mita moja kabla yake."

Kijana akaegemeza paji la uso kwenye wavu, akalia kwa sauti, mbele ya wafungwa na wageni, kama mtoto mdogo. Mama akaweka vidole pale wavu ulipokuwa na joto la uso wake, hadi askari aliposema muda umekwisha.

Alipotoka gerezani hakurudi nyumbani. Yuko mji mwingine, kwa mama yake mkubwa, anapanga magunia ghalani, na kazini huenda kwa miguu. Kila Jumapili humpigia mama yake simu. Huulizana afya, hali ya hewa, kama amekula. Kisha maneno huwaishia. Hakuna anayekata. Mwalimu huketi mezani, simu sikioni, akimsikiliza mwanawe anavyopumua.