Nukta ya Penseli Mpakani

Karani wetu wa ramani katika ofisi ya uchaguzi hunawa mikono kabla ya kufungua kabati, kama mtu anayekwenda kumpakata mtoto mchanga. Mle mna karatasi nyepesi zinazopitisha mwanga, zenye mipaka ya jimbo letu tangu uchaguzi wa kwanza, na hakuna azigusaye ila yeye. Hata mkurugenzi aliponyoosha kidole aliambiwa kwa upole, “Bosi, tazama kwa macho.” Mipaka ikibadilishwa, sisi wengine tunasoma tangazo, yeye huvaa viatu vyake vya kutembelea, akaufuata mstari mpya kwa miguu, na kila nyumba unayoipitia huitia nukta ya penseli.

Juzi aliingia bibi mmoja amefura kwa hasira. Daftari letu la wapiga kura halikuwa na jina lake, na jimbo jirani nalo lilimrudisha kwetu. “Mwanangu, sijahama hata siku moja, na nimeshapiga kura majimbo matatu! Leo sina hata moja?” Karani hakucheka. Alizipanga karatasi moja juu ya nyingine kwenye kioo cha dirisha, jua likapenya, mistari ikaonekana inapishana huku na huku kama ng’ombe waliokosa mchungaji. Katikati, nukta moja haikusogea.

“Hujahama, mama. Sisi ndio tuliohama.”

Alikwisha kuvaa viatu vyake ampeleke kuandikishwa, bibi alipouliza kwa sauti ya chini, “Hiyo nukta ndiyo mimi?” Karani akamshika mkono, akakiweka kidole cha bibi juu ya nukta, bila hata kumwambia anawe.