Kunguru kwenye Sahani ya Wageni

Nilianza kuchora kwa rangi za maji mwaka wa pili baada ya kumaliza chuo, wakati ambao mtu mwenye shahada ya ugavi anatakiwa awe na mambo mengine ya kufanya. Nilikuwa nayo. Kuanzia saa mbili asubuhi nilikuwa nauza vitenge kwenye duka la jumla Kariakoo, na nikirudi nyumbani jioni, ghorofa ya tatu kule Mchafukoge, nilimkuta mama ananisubiri na orodha: gesi imeisha, umeme umebaki kidogo, dawa ya bibi, mtoto wa dada abebwe ili dada naye apate kuoga. Sisemi kwamba nilionewa. Nasema tu kwamba rangi za maji zinataka muda wa kukauka, na mimi sikuwa na muda hata wa kulowesha brashi.

Mtu mwingine angetafuta upenyo akachora. Mimi nilitengeneza jedwali kwenye kompyuta ya dukani, lenye siku zote na saa zote, nikapaka kijani kila mahali palipokuwa wazi. Kijani kilitokea mara moja tu kwa siku: kati ya sala ya alfajiri na saa moja na nusu. Kisha nikaanza kuwaza kama ni haki kutumia kompyuta ya bosi kutafuta muda wa kuchora. Nikalifuta jedwali. Halafu nikahofu kwamba nimesahau lilichosema, nikalitengeneza upya.

Lakini jedwali halikujua watu wa nyumbani kwetu. Saa ile ya kijani mama aliwasha televisheni asikilize habari, akaniita nikachukue maandazi. Dada alinipa mtoto nimshike dakika mbili, na dakika mbili za dada yangu zinatosha kupika wali. Bibi, yeye, alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, feni ikimpepea yeye peke yake. Feni ile ilikuwa na kitufe cha kuifanya izunguke chumba kizima. Bibi alikuwa amekikataza.

Bibi ni mama yake mama. Tulimleta kutoka Lindi baada ya goti kuanza kumsumbua, na tangu Ramadhani iliyopita alikuwa hajashuka ngazi. Kama bibi wengi wa kwetu, aliniita mume wake, na alinisema kama mume aliyemchosha.

"Mume wangu kasoma mpaka vitabu vimekwisha," aliwaambia wageni. "Sasa anasubiri viandikwe vingine ndiyo apate kazi."

Kwake yeye kuuza vitenge haikuwa kazi, ilikuwa kusubiri. Kwa hiyo sikutaka ajue kwamba mumewe huyo huyo anachora kwa rangi alizoziona mara ya mwisho mikononi mwa watoto wa chekechea. Nilichora kwa siri pembeni ya meza, nikisikia mlango wa jikoni nafunika kila kitu kwa gazeti.

Kilichonikosesha raha zaidi ni sahani. Rangi za maji zinachanganywa juu ya kitu cheupe, na kitu cheupe kuliko vyote nyumbani kilikuwa sahani sita za kauri kwenye kabati la kioo la mama. Ni za wageni, lakini tangu nizaliwe hajafika mgeni wa hadhi ya kutosha. Niliwaza wiki nzima, kisha nikachukua moja, nikasogeza zile tano ili pengo lisionekane. Usiku huo niliota mgeni amefika.

Picha yangu ilikuwa ya kile kilichoonekana dirishani: ukuta wa njano wa jengo la ng'ambo, nyaya za umeme mbele yake, na kunguru juu ya nyaya. Ukuta niliuweza. Kunguru walinishinda. Karatasi nzuri ni ghali, kwa hiyo nikawa najizoeza kuwachora juu ya sahani yenyewe kwa brashi nyembamba, kwa rangi ile ile ya ukuta: mstari mrefu, juu yake ndoano, pembeni nukta. Mstari mwingine, ndoano, nukta mbili. Nilijaza sahani nzima.

Asubuhi hiyo dada alinipa mtoto, mtoto akanitapikia, nikachelewa. Sikuiosha sahani. Niliiweka juu ya friji na kuifunika kwa kawa, lile la ukindu tunalofunikia chakula, nikaenda zangu kazini nikijilaumu kwa mambo mengine kabisa.

Saa nne, nikiwa dukani, nikapigiwa kwa namba ya mama. Alikuwa bibi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mume wangu, kumbe unatumia kombe na hutuambii."

Mwanzoni sikuelewa. Kombe kwetu ni dawa: shehe anaandika aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, maandishi yanaoshwa kwa maji, na mgonjwa anakunywa maji yale. Nikaiona ile sahani kwa macho ya bibi, macho yenye mtoto wa jicho: nyeupe, imefunikwa kwa heshima, imejaa mistari ya njano yenye ndoano na nukta.

"Bibi, umelifanya nini?"

"Nimepiga bismillah, nimeliosha, nimekunywa nusu. Nusu yako ipo kwenye kikombe. Lakini mwambie shehe wako aongeze maji ya waridi, lina uchungu."

Akakata. Nilikuwa nimeshika mafurushi mawili ya vitenge, nikampa mteja yote mawili ingawa aliomba moja. Bosi wangu, mzee wa asili ya Kiarabu aliyezaliwa hapo hapo Kariakoo, akaliona furushi la pili likitoka mlangoni, akalirudisha, akaja kunitazama.

"Una nini?"

"Bibi kanywa rangi, bosi."

"Rangi gani?"

"Ya maji."

"Ya ndani au ya nje?"

Nilichukua muda kutambua kwamba anazungumzia kuta.

"Ya kuchorea picha, bosi."

"Nani anachora picha kwenu?"

"Mimi."

Akanikagua mikono. Nadhani hilo lilimsumbua kuliko habari ya bibi. "Nenda," akasema mwishowe. "Na umpelekee maziwa."

Nilikimbia Barabara ya Msimbazi nzima na pakiti mbili za maziwa. Nikiwa nakimbia nilifungua picha ya boksi la rangi kwenye simu, kwa kuwa kabla ya kulinunua nilikuwa nimelipiga picha pande zote sita. Liliandikwa kwamba rangi hazina sumu, na lilichorwa mtoto anacheka. Halikusema lolote kuhusu wazee. Nikapanda ngazi mbili mbili mpaka juu. Kiti cha bibi kilikuwa kitupu. Feni inapepea bila mtu. Nilisimama pale nikitunga maneno ya kumwambia mama, nikasahihisha sentensi ya kwanza, ndipo nikasikia sauti kutoka barabarani.

"Mume wangu kapita hapa mbio, hata salamu hana. Labda kaona mke mwingine huko juu."

Nilichungulia dirishani. Bibi alikuwa chini, amekaa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya jirani yetu muuza karanga. Nilikuwa nimempita mlangoni. Alikuwa ameshuka ghorofa tatu kwa miguu yake.

Nilishuka, nikamlazimisha kunywa maziwa, nikaenda kumuuliza mfamasia wa duka la dawa la chini. Aliisoma picha ya boksi, akasema kiasi kile hakina neno, ila nisiache vitu ovyo. Nikarudi kumweleza bibi ukweli. Bibi akaninyooshea goti.

"Lishike. Limekuwa jepesi."

Nikalishika, na ukweli nikauacha kwa siku nyingine.

Kesho yake nilipokaa mezani asubuhi, mama alizima televisheni. Dada alimpeleka mtoto jikoni, akafunga mlango taratibu. "Mwacheni," nilimsikia mama akisema, "yupo kwenye dawa yake." Bibi alikuwa ameshawaambia kuhusu kombe, na hakuna aliyeniuliza naumwa nini. Mama aliamini ni dawa ya kupata ajira, dada aliamini nimeachwa na mchumba. Maandazi yalikuja yenyewe, juu ya kisahani. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na saa nzima ya kijani, kama kwenye jedwali. Kunguru wakaanza kufanana na kunguru.

Kwa siku tano nilichora, na kwa siku tano sikufurahi. Nikisema ukweli, saa yangu imekwenda, na pengine goti nalo. Nikinyamaza, ninaiba heshima ya aya kwa ajili ya picha ya nyaya, na bibi ameshaniuliza mara tatu sahani nyingine inakuja lini. Kila nikimaliza niliosha sahani mara mbili, nikaificha chini ya godoro langu na kwenda kazini nikiwaza kama godoro litaivunja.

Jioni ya siku ya tano mama alinijia na kikoi kipya mkononi. Alitaka nimpelekee shehe wangu kama shukrani, nimwombe na kombe la mtoto wa dada, kwa sababu usiku analia sana.

Hapo ikabidi. Asubuhi nilimwekea bibi sahani na picha mapajani, mama akiwa amesimama mlangoni na dada nyuma yake.

"Bibi, lile halikuwa kombe."

"Lilikuwa nini?"

"Kunguru."

Akaisogeza picha mpaka ikagusa pua. Akainamia sahani. Akarudi kwenye picha.

"Nimekunywa kunguru."

"Na nyaya za umeme," nikasema, kwa kuwa nilikuwa nimeamua kutoficha kitu.

"Sahani yangu ya wageni," akasema mama.

Bibi alipapasa goti lake, kwanza kwa kiganja, kisha kwa vidole. "Limerudi," akasema. "Ona sasa. Ungenyamaza mpaka Ijumaa. Nilishaahidiana na mwenzangu wa chini, yule wa karanga, kwamba nitashuka."

Kesho yake televisheni ilirudi, mtoto akarudi, nikatumwa maandazi. Sahani ilirudi kabatini baada ya kuoshwa kwa maji ya moto mbele yangu. Ijumaa bibi alishuka hata hivyo, ameniegemea bega, na kila ngazi alinikumbusha kwamba siku ile nyingine alishuka peke yake. Zipo ngazi hamsini na nne. Jioni nilimpandisha hivyo hivyo.

Jumamosi baada ya sala ya alfajiri aliniita.

"Ilete ile picha." Aliishika tena puani. "Huyu kunguru mnene. Na hapa chini mbona hakuna mtu?"

Sikumwambia kwamba sikuchora watu kwa sababu vidole vinanishinda. Nilisema nafasi ilikuwa ndogo.

"Nafasi ipo. Mweke mwenzangu hapa. Kiti cheupe, mguu mmoja wa kiti umefungwa kamba. Kanga nyekundu. Anakaa hivi, kaegemea upande, anajifanya hasikii wateja. Nami uniweke pembeni. Usininenepeshe."

Nilileta sahani ya bati kutoka jikoni. Rangi ilionekana chafu juu yake, lakini nilianza. Nilikuwa nimefika kwenye kamba ya kiti mama alipoita kutoka jikoni kwamba maandazi yatakwisha.

"Tuma mwingine," bibi akamjibu. "Mume wangu yupo kazini."

Mama akamwita dada. Nikasikia dada akivaa ndala.

Ile nyekundu ya kanga ilikuwa imelowa mno, ikaanza kutiririka kuelekea kwenye uso wa jirani. Niliinua karatasi nikaipuliza kwa mdomo, mashavu yananiuma. Bibi alinitazama kidogo, akashusha pumzi, akanyoosha mkono na kuigeuza feni ielekee kwangu.

"Dakika tano," akasema. "Kuna joto."